Kanisa Ndani ya Pedali

Majirani zetu wa Buzebazeba walinivumilia mengi, lakini nilipokuwa napiga gitaa walikuwa wakiomba mvua inyeshe. Mvua ikipiga bati, angalau hawanisikii. Nilikuwa binti wa muuza dagaa wa Kibirizi, kule ziwani zinakotia nanga boti, tena mpiga gitaa la solo wa kwaya. Kanisani nilipiga kwa adabu. Nikirudi nyumbani nilifunga mlango, nikachomeka kile kisanduku cha kukwaruza sauti tulichokiita distoshen, nikazungusha kifundo chake mpaka mwisho. Sikutaka gitaa liimbe, nilitaka lingurume. Lilikuwa gitaa la marehemu baba, aliyelipiga kwenye bendi ya dansi, na Mama alisema mbele za watu kwamba baba angesikia lilivyogeuzwa angefufuka aje alichukue.

Tatizo lilikuwa sebule. Ilikuwa ya tofali za udongo, ina kochi mbili zenye vitambaa alivyofuma Mama, na kwenye kona yamepangwa magunia ya dagaa wakavu. Chumba cha namna hiyo kinameza sauti. Nilipiga, likanguruma, nikaziba nyuzi kwa kiganja, na kimya kikanirukia usoni. Distoshen isiyo na mwangwi ndani ya chumba kidogo ni nyigu ndani ya kopo. Kelele ipo, ukubwa haupo. Nami niliutaka ukubwa. Niliitaka pedali ya mwangwi, kisanduku kingine cha kuchomeka, ile inayoifanya sauti isikike kama imepigwa ndani ya jumba la mawe, hata kama mpigaji mwenyewe amekalia ndoo.

Kule Ujiji kulikuwa na Mkongomani mmoja aliyevuka ziwa na familia yake na akafungua kiduka cha betri, nyuzi za gitaa na spea za redio. Alikuwa na pedali tatu za mwangwi, zote zimetumika. Nilipotaka kuzijaribu palepale alinicheka.

"Dada, mwangwi hauchaguliwi dukani. Duka lina mwangwi wake, utachagua duka. Zipeleke nyumbani wiki nzima. Jumamosi, mbili zirudi, moja ibaki kwako. Mama yako namfahamu."

Nikazifunga kwenye khanga, nikarudi nazo nyumbani.

Ile ya kwanza ilikuwa boksi refu lenye springi ndani. Ilinishinda siku hiyohiyo. Springi husikia kila kitu, na distoshen hukikuza kila zinachokisikia. Mama akiweka sufuria chini jikoni, sebuleni inapiga radi. Ya pili ilikuwa ndogo, ya kijapani, safi mno, mwangwi wake kama wa bafu la hoteli. Ya tatu ndiyo nitakayoieleza. Ilikuwa na rangi ya wali uliomwagikiwa chai, vifundo vinne vya kuzungusha, na hakuna herufi hata moja. Maandishi yote yalikuwa yamefutwa na vidole vya watu nisiowajua. Kifundo kipi ni cha nini, ungeambiwa na sikio lako tu.

Hiyo ilikuwa miaka ya wakimbizi, tena ile ya mwishomwisho. Watu waliokuwa wameingia kwetu kwa maboti na kwa miguu, sasa walikuwa wanaandikishwa kurudi. Na wiki hiyohiyo ya pedali, kanisa letu lilimwombea kibali Mrundi mmoja atoke kambini siku saba aje kuifundisha kwaya yetu. Akapewa chumba chetu cha nyuma. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, mwembamba, shati amelifunga mpaka kifungo cha shingoni, na kofia ya kitambaa ambayo hakuivua hata mezani. Sisi tulimwita Mwalimu. Mama alizungumza naye Kiha, lugha yetu, yeye akijibu Kirundi, na walielewana kama watu wa mlango mmoja.

"Amahoro, mgeni wetu," Mama alimwambia siku ya pili. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi jembe sina. Utanisaidia kuchambua dagaa."

Akachambua kweli. Hakuwa mwongeaji. "Kimya kingi kina mshindo mkuu," Mama alininong'oneza, akicheka, na sisi sote tukaona ni mzaha.

Jioni hiyo, umeme wa mgao ukiwa zamu yetu, Mwalimu alinikuta nikihangaika. Nilikuwa nimeanza na mwangwi, kisha distoshen, kisha amplifaya, na kilichotoka kilikuwa uji. Alisimama mlangoni akisikiliza, uso umekunjamana kama mtu aliyeuma ndimu.

"Mukobwa wanje," alisema, yaani binti yangu, "gomba kwanza, halafu ndiyo uingie nyumbani. Ukiingia nyumbani kwanza ndipo ugombe, nyumba nzima itagomba."

Akachomoa waya mbili akazibadilisha. Distoshen mbele, mwangwi nyuma yake. Nikapiga, na kwa mara ya kwanza gitaa langu lilinguruma mahali fulani, si hewani tu. Nilipiga kelele kwa furaha. Betri za mraba za pedali zilikuwa adimu, basi akafunga betri sita za redio kwa mpira wa baiskeli, zikafanya kazi ileile. Siku hiyo nilimpenda kama mtu anavyompenda fundi aliyemaliza uvujaji wa bati.

Ndipo akanieleza habari ya kofi. Kwao ng'ambo, juu kwenye milima, alikuwa mwalimu wa kwaya ya kanisa moja la tofali. Kila Jumapili kabla ya ibada alisimama karibu na altare, akageukia ukuta, akapiga kofi moja tu. Kwa sauti inayorudi alijua watu wangapi wamekwisha kukaa. Kanisa tupu hujibu kirefu. Watu hula sauti, alisema. Nguo zao zinakula, nywele zinakula, watoto wanene wanakula zaidi. Yeye na katekista walikuwa wakishindana, mmoja anahesabu vichwa, mwingine anapiga kofi, na Mwalimu hakuwahi kukosea kwa zaidi ya watu watano.

"Na wewe mpiga kofi unajihesabu?" niliuliza.

"Hapana. Aliyepiga hahesabiwi."

Nilicheka. Nikaunganisha ile pedali ya tatu, isiyo na maandishi. Nikapiga mara moja kwa nguvu, nikaziba nyuzi.

Mwangwi ulitoka, ukaenda, ukakaa huko kidogo, ukarudi. Halafu ukarudi mara ya pili kutoka upande wa kulia, mdogo, kama umepitia pembeni. Mwalimu alisimama. Akavua kofia, na ndipo nikaona kwamba ana kovu linaloanzia sikioni hadi utosini.

"Rudia," alisema.

Nikarudia.

"Ni kanisani petu pale. Ukuta wa nyuma huo. Na huo mdogo ni mlango wa pembeni, ule tuliokosa komeo lake. Ulikuwa haufungiki."

Nilidhani ananitania. Nikamwangalia, nikaona hatanii. Mama alikuwa amekuja mlangoni na mwiko.

Mwalimu alipiga magoti chini kwenye mkeka, akashika kifundo cha tatu, akawa anakizungusha kidogokidogo, na kila akisogeza ananiambia, piga. Nikapiga. Mwangwi ukafupika. "Wamama wa mtaa wa chini wameingia," alisema. Akasogeza. "Hao ni wanaume, wamesimama nyuma, hawapendi kukaa." Akasogeza tena. "Watoto." Sauti ikawa inafupika, inanenepa, inapoteza ukali wake. "Sasa kwaya. Piga." Nikapiga. Mwangwi uliondoka ukagusa kitu laini, ukabaki hukohuko. Mwalimu alitoa mkono kwenye kifundo taratibu, kama mtu aliyemlaza mtoto.

"Simama hapo. Hiyo ni Jumapili."

Mama alikuwa amekaa kwenye kochi. Nilimwona kwa macho yangu akikusanya khanga yake na kusogea, akaacha nafasi pembeni, kama unavyofanya mtu anapotaka kukaa. Kisha akaitazama ile nafasi, akainuka upesi, akaenda jikoni.

"Izime hiyo," alisema kutoka huko. "Chakula tayari."

Kwenye chakula Mwalimu alisema yote kwa mara moja, kwa sauti ya chini, akimega ugali. Vita vilipofika kwao, watu wa kilima kizima walijifungia kanisani. Mama yake alikuwemo, na kwaya yote. Siku ya tatu maji yaliwaishia, wakamtuma yeye kisimani. Alipotaka kurudi njia ilikuwa imekwisha kukatwa. Alipigwa panga, akakimbia na wengine mpaka ziwani. Kanisa aliliacha limejaa. Tangu siku hiyo aliwauliza wote waliopita kambini, na kila mmoja alimpa jibu lake. Wengine walisema walitoka salama. Wengine waliinamisha macho. Sasa kambini wanaandikisha majina ya kurudi, na akitoka kwetu Jumamosi atatakiwa aseme lake: anarudi, au anabaki.

"Nikibaki, kwangu mimi bado wamejaa," alisema. "Nikirudi, nitajua."

Asubuhi nilitaka kubandika kipande cha plasta kwenye kile kifundo, nipajue mahali pake. Kila mpiga gitaa hufanya hivyo. Alinishika mkono, tena kwa nguvu.

"Usiweke alama. Kwetu nyumba iliyowekwa alama nimeona kinachoifuata."

Basi hatukuweka. Ndiyo makosa yetu, na nasema yetu kwa sababu ya adabu tu, maana sehemu kubwa ni yangu.

Siku zilizofuata, kila alipotoka kufundisha aliingia sebuleni, akaomba nipige mara moja, akasikiliza, akashukuru, akaenda kuchambua dagaa. Kifundo hakikuguswa. Mimi nilianza kukereka, na sitaficha. Ilikuwa wiki yangu ya kuchagua pedali! Jumamosi inakuja, mbili lazima zirudi Ujiji, na mimi sijasikia hii inaweza nini. Kanisa lililojaa watu ni sauti mbaya kwa distoshen. Ni fupi, ni nzito, ni kama kupiga ndani ya godoro. Pale penye ukubwa niliokuwa nautafuta palikuwa upande wa pili wa kile kifundo.

Alhamisi alasiri Mwalimu alikuwa kanisani na kwaya, mimi nikijidai kichwa kinaniuma. Mama alikuwa Kibirizi. Niliwasha, nikakaa juu ya ndoo, nikazungusha vifundo vyote vinne mpaka mwisho.

Nisiseme uongo. Ilikuwa sauti nzuri kuliko zote nilizowahi kuzipiga maishani. Ngurumo ilitoka ikasimama peke yake, ikapanda, ikagusa kuta zilizo mbali, ikarudi imebeba kuta hizo. Na ule mlango wa pembeni ukajibu kila mara, tik, tik. Nilisahau chumba, nikasahau dagaa. Nilipiga mara ya mwisho kwa mkono wote, nikaziba nyuzi, nikafumba macho nisikilize unavyokwisha. Haukuisha. Ulikwenda, ukaenda, na kadiri ulivyoendelea ndivyo nilivyoelewa ninachokisikia. Hapakuwa na nguo wala nywele wala mtoto mnene. Hapakuwa na benchi hata moja.

Nilifumbua macho. Mwalimu alikuwa mlangoni, kofia mkononi.

"Nta muntu arimwo," alisema. Hamna mtu ndani.

"Mwalimu, ni kifundo tu! Nimezungusha mimi!"

Niliruka chini nikakirudisha. Sikupapata mahali pale. Nikasogeza mbele, nikasogeza nyuma, nikapiga. Yeye alisimama palepale akitikisa kichwa, akinijibu kila nikipiga: Hao ni wachache. Hilo si kanisa. Hao wamekaa vibaya. Alikuja akapiga magoti kama siku ile akajaribu mwenyewe, na kifundo kikawa kinamponyoka. Vifundo vyote vinne vilikuwa vimehama na hakuna hata kimoja chenye alama. Tulihangaika mpaka zamu ya umeme ikaisha, amplifaya ikakohoa ikazima. Nililia kwa hasira dhidi yangu mimi mwenyewe. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya nilikuwa nimeyamwaga kwa sababu ya kupenda makuu.

Yeye hakunigombeza. Angenigombeza ningelala.

Jumamosi asubuhi alikunja kibali chake akakitia mfukoni. Mama alimfungia dagaa kwenye mfuko. Alipofika mlangoni alinigeukia.

"Nitaandika jina la kurudi," alisema. "Nikifika, nitakupigia kofi moja. Wewe sasa una sikio, utasikia mwenyewe."

"Mwalimu, usirudi kwa sababu ya kisanduku."

"Sirudi kwa kisanduku. Nilitumwa maji."

Mchana huo nilipeleka pedali mbili Ujiji. Mwenye duka aliona ninayoibakiza akashangaa. Alisema hiyo ni ya ukumbi mkubwa, kwa chumba cha nyumbani ile ya kijapani ingenifaa zaidi. Alisema kweli. Nilimwambia nimeipenda hivyohivyo. Sikumwambia kwamba kila nikiipiga Mama anatoka sebuleni, wala kwamba mimi mwenyewe siipigi tena kwa distoshen, ila naipiga mara moja moja tu, polepole, nikitafuta pale mahali.

Malori ya kurudisha watu yaliondoka. Masika ikapita, kiangazi kikapita. Niliuliza kila Mrundi aliyeshuka Kibirizi na mawese au ndizi. Hakuna aliyemjua, au hakuna aliyetaka kumjua. Usiku nilijihukumu na mchana nilijitetea. Wengi walirudi wakaishi, nilijiambia. Lakini yeye angebaki kama si mimi, na hilo nililijua.

Kisha siku moja, saa tisa alasiri, Mama alirudi kutoka Kibirizi na kaseti. Mtu wa boti alikuwa amepewa na mtu mwingine, naye na mwingine, kwamba ifike kwa muuza dagaa mwenye binti wa gitaa. Haikuwa na maandishi. Tuliiweka kwenye redio, tukakaa kwenye kochi, mimi huku, Mama kule.

Kwanza ilisikika mikwaruzo ya kanda. Hatua za viatu kwenye sakafu. Zikasimama. Halafu kofi moja.

Mwangwi ulikwenda mbali sana. Ukarudi, na baadaye kidogo kutoka upande wa kulia ukarudi ule mdogo, tik. Nilifunika uso. Ulikuwa uleule nilioupiga mimi Alhamisi ile, toni kwa toni. Pedali haikuwa imesema uongo. Mama alinyoosha mkono azime.

"Subiri," nilisema.

Kanda ilikatika, ikaendelea. Mvua ilikuwa inapiga bati huko. Kofi. Nilishtuka kwa sababu lilikuwa fupi kidogo. Ikakatika tena. Siku nyingine, ndege wanalia nje. Kofi, fupi zaidi. Nikaanza kuhesabu kwa vidole, na Mama akaanza kunishika vidole hivyo. Yalikuwa makofi kumi na moja, ya siku kumi na moja, na kila moja lilirudi likiwa limeliwa zaidi ya lililopita. Nilikuwa nacheka na kulia. "Wanarudi," nilimwambia Mama. "Mama, wanarudi, wanajaa!" Kofi la mwisho halikurudi kabisa. Lilikwenda likagusa kitu laini, likabaki hukohuko. Hiyo ilikuwa Jumapili.

Baada ya hapo kanda haikukatwa. Iliendelea kurekodi mpaka mwisho wa upande, na sisi tukaendelea kusikiliza, tukingoja kwaya ianze. Kanisa lilikuwa limejaa, sikio langu lilijua hivyo na linajua hivyo mpaka leo. Lakini dakika zote zile hakuna aliyekohoa. Hakuna mtoto aliyelia, hakuna benchi lililolalamika, hakuna aliyeburuta kiatu. Mwalimu hakusema neno. Kisha redio ikagonga, kanda imeisha.

Nilimgeukia Mama nimuulize. Alikuwa amekusanya khanga yake magotini, amesogea mpaka ukingoni mwa kochi, na kati yangu na yeye palikuwa na nafasi ya mtu mmoja.

"Na wewe sogea," aliniambia. "Mwalimu amesimama muda mrefu."

Nikasogea.